Mchoro Nusu, Namba Nzima

Jumamosi, Machi 8

Mvua bado. Mawingu yanakuja kila alasiri kutoka upande wa msitu, yanatutazama, yanaenda zao. Binti yangu Ashley amerudi na barua ya mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Ignatius. Mashindano ya baiskeli ya vijana yatakuwa msituni Mei 24, na wasichana sita wa kwanza watachaguliwa kwenda kambi ya mazoezi. Njia ni ile ile ya mwaka jana. Yaani mteremko wa Mukomari umo.

Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini ya mkasi. Mwaka jana mwezi wa tisa mtoto huyu alianguka kwenye mteremko huo, pale unapopinda kwenye mti mkubwa wa mukomari, akavunja mtulinga. Wiki sita mkono shingoni. Tangu hapo anaendesha kila mahali, lakini akifika pa kuteremka anashuka na kuisukuma baiskeli kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Anasema ni matope. Si matope. Ni woga, na ninaujua kwa sababu ni wangu pia.

"Mum, hiyo kambi si neno," akaniambia. "Nataka tu kushuka Mukomari nikiwa nimeikalia. Hata niwe wa mwisho."

Nikamwambia tutaona. Mimi nikisema tutaona huwa nimekataa, ila nataka kula kwanza.

Jumapili, Machi 9

Baba yake, Andati, amepiga simu kutoka Lodwar anakochimba visima. Ashley alimwambia habari ya mashindano kabla sijamnyang'anya simu. Andati akasema papo hapo, "Mnunulie shoki mpya." Mtu yuko jangwani, hajaiona baiskeli tangu Krismasi, lakini dawa anaijua!

Baiskeli yenyewe tuliinunua kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amepanga hapa Shirere, kijana mrefu mpaka alikuwa akiinama mlangoni kwangu. Ni baiskeli ya mlima, ina shoki, zile springi za kumeza mitikisiko, mbele tu. Nyuma hakuna kitu, ukigonga jiwe unalisikia kwenye meno. Fundi wetu huiita nyuma kavu.

Jumanne, Machi 11

Nimempelekea baiskeli Mustafa, fundi wetu, mtu wa Ekero. Kibanda chake na duka langu la kushona vinatenganishwa na duka la Michelle la fotokopi. Miaka mitatu sijamwamini sana. Kila anayepita anamwambia kitu fulani kimeisha.

"Asalaam aleikum, Mama Ashley. Leo umekuja kununua ama kunigombanisha?"

"Nimekuja kuuliza. Hii baiskeli ibadilishwe nini ili mtoto asianguke?"

Akaizungusha magurudumu, akaipiga piga kama tikiti maji. Nilikuwa tayari kusikia shoki. Akasema, "Shoki ni ya mwisho kabisa. Watu hukimbilianga shoki kwa sababu inaonekana. Anza na tairi ya mbele. Hiyo ndiyo inashikanga barabara, ya nyuma inafuata tu kama mkia. Halafu bleki."

"Breki," nikamrekebisha.

"Hata ukiita vipi, imeisha."

Nilitoka pale nimeudhika kidogo, kwa sababu sikupata cha kubishia.

Jumatano, Machi 19

Mvua imeanza. Suruali nne za wanafunzi, zote kupunguzwa miguu.

Jumamosi, Machi 22

Tairi mpya ya mbele. Pana, ina meno makubwa yaliyoachana ili matope yatoke. Ya zamani ilikuwa imelainika kama kiganja changu. Ashley alitaka pedali za rangi ya zambarau alizoziona kwenye simu. Nikamuuliza zinafanya kazi gani. Akasema, "Ni moto, mum." Nikamwambia moto upo jikoni, na sufuria za kuosha zipo.

Jumatatu, Machi 31

Mvua ya mawe. Mahindi ya Michelle yamelala yote.

Jumamosi, Aprili 5

Shule zilifungwa jana. Leo Mustafa ameweka waya mpya za breki na pedi mpya mbele na nyuma. Hakukubali kumpa Ashley baiskeli mpaka amfundishe kuvuta breki kwa kidole kimoja. Walikaa saa nzima kwenye ile barabara ya kuteremka mtoni, Mustafa akikimbia kando yake na kanzu imekunjwa kiunoni, akipiga kelele, "Usikamue! Si ng'ombe huyu!"

Nilikuwa mlangoni na pindo la sketi ya mtu mkononi. Mtu ambaye anataka tu kuuza haendi kukimbia kwenye matope. Nimekuwa nikimfikiria vibaya, na ninaandika hapa ili nisijifanye nimesahau.

Alhamisi, Aprili 10

Rimu ya nyuma imepinda. Michelle alikuwa anaenda mjini, nikamwambia aniletee rimu moja nzuri. Amerudi jioni na karatasi mia tano, nyeupe, za fotokopi. "Si umesema rimu?" Tumecheka mpaka mteja akatoka kuangalia kuna nini. Mustafa ameinyoosha ile iliyopinda kwa kukaza spoki. Karatasi nimebaki nazo.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Kanisani. Mvua njia nzima.

Jumanne, Aprili 22

Tairi ipo, breki zipo, na bado anashuka na kusukuma. Leo nilimfuata hadi ile barabara ya mtoni nikamtazama vizuri, nikamtazama kama mteja. Niliwahi kuona kitu kama kile. Ni mtoto aliyevaa koti la baba yake. Mikono imetanuka huku na huku mpaka viwiko havikunjiki, na mtu asiyeweza kukunja kiwiko akigonga jiwe pigo lote linapanda begani. Bega lile lile.

Khane! Kumbe miezi yote hii tunaongeza vitu kwenye nguo ambayo haimtoshi.

Jumatano, Aprili 23

Nimempima. Nilimlaza kifudifudi sakafuni, nikamwambia ajiinue kwa mikono mara tano, nikaona viganja vinapotua vyenyewe. Kutoka ukingo wa kiganja hiki hadi ukingo wa kile ni sentimita sabini. Usukani wa yule kijana mrefu ni sabini na sita. Sita zimezidi.

Mustafa alikuna kichwa. "Mama Ashley, watu siku hizi wanataka usukani mrefu. Ndiyo mtindo."

"Mtindo wa nani? Wewe ukija kushona shati nikupimie kwa kifua cha jirani?"

Akasema kwa upole kwamba katika miaka kumi na nne ya kutengeneza baiskeli hajawahi kumpima mtu, amekuwa akipima baiskeli tu. Akaniomba tusubiri. Tuanze na vitu vinavyorudishika, tuteremshe kiti na kukisogeza mbele. Nikaona ana akili.

Jumatatu, Aprili 28

Shule zimefunguliwa. Kiti kimeteremshwa vidole viwili na kusogezwa mbele. Ashley ameteremka nusu ya barabara ya mtoni akiwa ameketi. Nusu! Nilimpikia ingokho nzima, nikamdanganya kwamba jogoo alikuwa mgonjwa.

Alhamisi, Mei 8

Mvua siku ya nne. Kola tatu, zipu mbili.

Jumapili, Mei 11

Mwalimu Ignatius aliwapeleka msituni jana. Pale Mukomari Ashley alishuka tena na kuisukuma baiskeli. Anasema usukani unamvuta mikono. Leo hakula obusuma, ugali wake wote umebaki. Andati amepiga simu, amesema shoki. Nikamwambia Andati, chimba kisima chako.

Jumatano, Mei 14

Tumeamua kukata. Nimechora usukani kwenye karatasi za Michelle, nikazigundisha moja kwa nyingine, nikaweka alama, nikaandika: punguza sm 6. Mustafa ataukata kesho asubuhi nikiwa nimeenda sokoni kununua bitana.

Alhamisi, Mei 15

Nimerudi saa sita. Mustafa alikuwa ameketi kwenye kopo la rangi, vipande viwili vya chuma viko mkononi. Niliviona nikajua kabla hajafungua mdomo. Vilikuwa virefu mno.

"Nimefuata karatasi yako," akasema.

Akaniwekea karatasi juu ya goti. Niliiangalia, nikaona kosa. Kila fundi wa cherehani anajua, hatufundishwi hata, tunakua nalo: kitambaa kinakunjwa mara mbili, kwa hiyo mchoro ni nusu, lakini namba inayoandikwa ni nzima. Nikichora kola ninachora upande mmoja. Nikiandika kifua tisini, ni kifua chote. Aliyekaa kwenye cherehani anagawanya mwenyewe kichwani. Nami nilichora nusu ya usukani, kutoka katikati hadi ncha moja, kama ninavyochora kila kitu tangu nina miaka kumi na saba, nikaandika sita. Sita za usukani wote. Tatu upande huu, tatu upande ule.

Mustafa si wa cherehani. Aliona upande mmoja, akaona sita. Akakata sita. Akageuza karatasi upande wa pili, akakata sita tena. Sabini na sita imekuwa sitini na nne.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Nikuulize nini, na umeandika?"

Alikuwa sawa, na nilimkasirikia kwa kuwa sawa. Kitambaa ukikikata kupita kiasi utaunga kipande, utaficha kwa mshono, utaweka ua. Chuma hakina ua. Mustafa alipiga simu kwa watu wake. Shingo ya baiskeli hii ni nene, sukani za hapa mjini ni nyembamba, hazishiki. Za Nairobi zinazotosha zitakuja Juni. Mashindano ni baada ya siku tisa.

Ashley alipotoka shule nilimwambia mwenyewe, sikumwachia Mustafa. Alishika ule usukani, mikono ikakaa karibu karibu mbele ya kifua kama mtu anayesukuma toroli. Hakulia. Alisema, "Kwa hivyo siendi."

Nikasema, "Sijui, mwanangu. Inaonekana hivyo."

Na sasa niandike lile ambalo haliwezi kuandikwa mahali pengine. Alipoingia chumbani mwake nilikaa kwenye cherehani, taa haijawashwa, na nilifurahi. Nilifurahi kabisa, mabega yakashuka. Hatakwenda Mukomari. Hakuna wa kulaumiwa, ni namba tu iliyosomwa vibaya. Furaha ile ilikaa kama saa moja, halafu nikajiuliza: mimi Zilpah, miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, ambaye sijawahi kumpa mtu mwingine mchoro wangu bila kukaa naye chini na kumweleza, kwa nini leo nilienda sokoni? Bitana ilikuwepo ya kutosha. Nimeikuta kwenye kabati.

Sijui. Naapa sijui kama mkono ulisahau au ulikumbuka sana.

Ijumaa, Mei 16

Sikufungua duka.

Jumamosi, Mei 17

Mwalimu Ignatius amekuja. Hakutaka chai, hakutaka kiti. Aliipanda baiskeli mwenyewe, akazunguka uani, akayumba mpaka akashika kamba ya nguo. Akasema, "Mama Ashley, itayumba kwa mwendo wa pole. Ikipata mwendo itatulia kidogo. Inaendeshekanga, lakini haipendezi." Halafu akamgeukia Ashley: "Uamuzi ni wako. Hata ukisema hapana, mimi na wewe hatugombani."

Ashley akamtazama, akanitazama mimi. Nilitazama cherehani.

"Nitaenda," akasema.

Jumatatu, Mei 19

Mustafa amekuja kabla ya mvua na sodo ya maharagwe, kopo lililojaa, kutoka kwao Ekero. Aliiweka mlangoni. "Ni ya nini?" nikamuuliza. "Ya kukata," akasema. Nikamwambia aliyechora ni mimi, basi nimdai maharagwe nani? Tukanywa chai. Amesogeza vishikio vya breki mpaka vikakaa vizuri chini ya vidole vya Ashley, na hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya msimu huu, haikuhitaji kitu kipya hata kimoja.

Jumatano, Mei 21

Anafanya mazoezi kwenye barabara ya mtoni kila jioni. Anayumba, anaanguka polepole kwenye majani, anainuka. Hajafika chini hata mara moja. Nimeshona sare ya kwaya nzima kwa siku mbili.

Jumamosi, Mei 24

Naandika jioni, miguu ndani ya karai la maji ya moto.

Tulifika msituni saa mbili, mimi na Michelle, gumbuti za kuazima. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na njia ilikuwa nyekundu na laini. Wasichana ishirini na wawili. Mizunguko mitatu. Kwa hiyo Mukomari mara tatu. Anayeogopa anaruhusiwa kushuka na kusukuma, ila anapoteza muda.

Sikusimama kwenye mstari wa mwisho walikosimama wazazi wengine. Nilisimama chini ya mteremko, penye kona. Michelle akaniuliza kama nimekuja kutazama au kuokota.

Mzunguko wa kwanza, wasichana wanne walipita kama mawe yaliyorushwa. Wa tano, wa sita. Wa saba alikuwa Ashley. Alisimama juu, akashuka, akaisukuma. Nilishusha pumzi, na pumzi ile ilinipa aibu hata kabla haijatoka yote. Alipopita karibu yangu hakuniangalia.

Mzunguko wa pili alikuwa wa tisa. Alifika juu, akakaa kwenye kiti mguu mmoja chini, muda mrefu hata wawili wakampita. Kisha akashuka kwenye kiti, akaisukuma tena. Safari hii nilimwona uso alipofika chini. Hakuwa anaogopa mti wala matope. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshajua jibu na amechoka kulisikia. Nimeuona uso huo kwenye kioo changu.

Sijui nilitoa wapi sauti. "Ashley! Mzunguko ujao ushuke nayo ukiwa umeikalia!"

Michelle akanigeukia mdomo wazi. "Si wewe ulikuwa unaomba mvua inyeshe waahirishe?"

"Nyamaza, Michelle. Ushuke nayo, mwanangu! Kidole kimoja! Usikamue!"

Akapotea kwenye miti. Nilihesabu vifungo vya sweta yangu, ni sita, nikavihesabu tena. Waliokuwa mbele walipita wote, na msitu ukanyamaza, na nikafikiri labda ametoka njiani amekaa mahali analia, na kwamba nimemfokea mtoto wangu mbele ya watu bure.

Kisha akatokea juu. Hakusimama. Usukani uliyumba kushoto, ukayumba kulia, ile toroli yangu, nikaona goti linatoka nje, nikasema Mungu wangu, halafu akaachia breki. Aliiachia! Baiskeli ikanyooka yenyewe. Viwiko vilikuwa vimekunjika. Alipita kwenye mukomari karibu hivi kwamba angeweza kuugusa, akapinda, akanipita akipiga ukelele ambao sikuwa nimeusikia tangu alipokuwa na miaka saba, na matope yake yote yakanijaa usoni na kwenye meno.

Amekuwa wa kumi na tatu. Walichaguliwa sita. Mwalimu Ignatius alimpa mkono kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mwenzake.

Jumapili, Mei 25

Baada ya kanisa tulikaa jikoni tukichambua maharagwe ya Mustafa. Nilikuwa nimejiambia usiku kucha kwamba nitamwambia, na kwamba sitamwambia. Mwishowe nilisema nikiwa nimeangalia ungo.

"Ashley. Siku ile usukani ulipokatwa vibaya, nilifurahi. Nilifurahi sana kwamba hutaenda. Sijui hata kama nilikosea kweli."

Alitupa mawe mawili nje ya mlango.

"Hata mimi, mum," akasema. "Nilifurahi. Nilipoingia chumbani nilifunika uso kwa mto wa kulalia nikacheka, nikasema asante Mungu."

Tulitazamana. Halafu tukacheka pamoja, kicheko kibaya cha watu waliokamatwa, mpaka maharagwe yakamwagika.

"Basi kwa nini ulimwambia mwalimu utaenda?"

"Nilidhani utanikataza, niponee hapo."

Nikaokota maharagwe.

Jumatatu, Mei 26

Mustafa anaagiza usukani mpya Nairobi na anataka kipimo. Nimemlaza Ashley sakafuni tena, ajiinue mara tano, viganja vikatua pale pale kwenye sabini. Nimechora usukani wote, ncha hadi ncha. Karatasi imevuka meza.

Nimeandika sabini na mbili. Mustafa ameniuliza mbili ni za nini.

Nikamwambia, "Za kukua."